Hisa za nje kupitia dalali wa ndani: usianze kwa kuangalia kamisheni

Mkuu, umeuliza kama uendelee na dalali wa nchini mwako kununua hisa za Marekani na Uingereza, au ufungue akaunti kwa dalali wa huko moja kwa moja, maana huyu wa ndani kamisheni yake iko juu. Mimi nanunua kwa dalali wa ndani miaka kadhaa sasa na sijaona sababu ya kuhama. Ila kamisheni siyo inayokula hela.

Kinachokula hela ni kubadilisha fedha. Dalali anaweza kukutangazia kamisheni sifuri, halafu akakuuzia dola asilimia moja na nusu juu ya bei ya soko. Kwenye taarifa ya akaunti huioni kama ada, imefichwa ndani ya kiwango chenyewe. Siku ya kuuza anakupiga tena upande wa pili, kwa hiyo karibu asilimia 3 imeondoka hata kama hisa haijasogea. Mimi kila nikiweka oda natazama kiwango cha soko cha saa ileile na kukilinganisha na nilichokatwa. Muulize pia kama ukiuza unaruhusiwa kuacha dola zako zikae kama dola. Wapo wanaolazimisha kila mauzo yarudi kwenye fedha ya nyumbani, hata kama kesho yake unanunua hisa nyingine ya dola. Huyo mkimbie, hata programu yake ya simu iwe nzuri namna gani.

Suala la hisa kutosajiliwa kwa jina lako linatisha watu kuliko inavyostahili. Mara nyingi dalali wa ndani hupitisha oda kwa dalali mwenzake aliye kwenye soko husika, na hisa za wateja hukaa kwenye akaunti ya pamoja. Jina lako liko kwenye vitabu vya dalali wako tu. Hata Wamarekani wenyewe, hisa zao nyingi zimesajiliwa kwa jina la kampuni inayozishika kwa niaba yao, Cede & Co. Swali la maana ni kama mali za wateja zimetenganishwa na za kampuni, na nani anazitunza. Na usidanganyike na ile kinga ya SIPC (shirika la Marekani linalowalinda wateja wa madalali) ya hadi dola 500,000: inahusu kampuni mwanachama wake ikifilisika. Dalali wako wa ndani akianguka, unarudi kwenye sheria za nchi yako.

Kodi: jaza fomu ya W-8BEN, ile ya kuthibitisha kwamba wewe si mlipakodi wa Marekani. Gawio la Marekani hukatwa kodi ya zuio (inayokatwa kabla gawio halijakufikia) ya asilimia 30, na fomu hiyo ndiyo inayokupa punguzo kama nchi yako ina mkataba wa kodi na Marekani. Inaisha muda mwishoni mwa mwaka wa tatu baada ya mwaka ulioisaini, na wengi husahau. Uingereza gawio la kawaida halikatwi zuio, lakini ukinunua hisa kwa kawaida unalipa ushuru wa stempu wa asilimia 0.5.

Kuna moja watu hawapendi kuisikia. Hisa za kampuni za Marekani huhesabiwa kuwa mali iliyoko Marekani hata ukizishika kupitia dalali wa mtaani kwako. Asiye raia wala mkazi wa kule akifariki akiwa na mali ya huko inayozidi dola 60,000, kodi ya mirathi inaweza kubisha hodi, isipokuwa mkataba useme vingine. Kukaa na dalali wa ndani hakukukingi na hilo. Faida yake ni kwamba warithi wako watashughulika na ofisi wanayoweza kuingia na kuongea lugha yao, na kwangu hiyo ina uzito kuliko nusu asilimia ya kamisheni.

Akaunti ya nje ningeifikiria kama unanunua kidogo kidogo kila mwezi na dalali wako ana kima cha chini cha ada kwa kila oda. Hapo ama uhame, ama ukusanye fedha ununue mara chache kwa mwaka. Anakutoza kima gani kwa oda moja, na kiwango chake cha dola kikoje? Weka hapa tupige hesabu.