Mfumo wa FoxPro kwenye Linux: soma leseni kabla hujagusa kompyuta

Juzi nimepokea ujumbe wa dada mmoja, mhasibu wa SACCOS huko Njombe. "Kaka, habari za kazi. Mfumo wetu wa mikopo ni wa FoxPro, na kompyuta yenye Windows 7 imeanza kujizima yenyewe. Kijana wetu anasema tuweke Linux, ni ya bure. Mfumo utakubali?" Namjibu hapa hapa kwa sababu hayuko peke yake. FoxPro ni programu ya zamani ya Microsoft ya kuandikia mifumo ya kutunza kumbukumbu, na Linux ni mfumo wa kuendesha kompyuta badala ya Windows. Kuanzia Tunduma mpaka Mafinga zipo ofisi ambazo hisa, mikopo na malipo ya wakulima bado vimelala kwenye mafaili ya DBF, yaani majedwali ya data ya FoxPro, na aliyeandika mfumo alishahama au hapokei simu.

Dada, utakubali. Ila kabla ya hapo kuna swali la leseni, na hilo nimelijua kwa uchungu.

Msimu uliopita niliitwa na chama cha msingi cha wakulima wa kahawa, Mbozi. Mfumo wao umeandikwa kwa Visual FoxPro, yaani FoxPro ya Windows: mkulima anapima, karani anaingiza kilo, printa ya utepe inatoa stakabadhi. Unafanya kazi vizuri kabisa. Kilichokufa ni kompyuta. Nilichukua nakala ya data, nikarudi nayo karakana kwangu Mwanjelwa, nikaweka Linux Mint na Wine, programu inayowezesha programu za Windows kufanya kazi ndani ya Linux, nikaufungua. Ukafunguka! Maandishi ya jedwali yalikaa upande kidogo, lakini hesabu ilitoka sawa mpaka shilingi ya mwisho. Usiku ule sikulala kwa furaha.

Kesho yake nilisoma makubaliano ya leseni, mstari kwa mstari. Wine yenyewe haina tatizo, ni programu huria, na kuitumia ni haki yako. Shida iko kwenye yale mafaili ya Microsoft ambayo mfumo wa FoxPro hauwezi kuwaka bila hayo, kama vfp9r.dll. Mwandishi wa mfumo aliruhusiwa kuyagawa bure pamoja na kazi yake, lakini kwa ajili ya Windows. Jambo hili lilizua ubishi mkubwa mwaka 2003, waandishi wa programu walipoonyesha FoxPro ikikimbia juu ya Linux na Microsoft ikasema leseni hairuhusu.

Watu hunijibu, "Lakini hiyo bidhaa si ilishakufa?" Ni kweli Microsoft iliinunua FoxPro mwaka 1992, toleo la 9 likatoka 2004, mwaka 2007 wakatangaza kwamba halitakuja jingine, na Januari 2015 msaada wote ukakoma. Kuacha kuuza hakuondoi hakimiliki. Hata sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 1999 inalinda programu za kompyuta kama inavyolinda kitabu.

Nikawaambia wazee wa bodi ukweli huo. Na hapo ndipo nilipoumizwa. Kwenye kikao alikuwepo kijana wa kampuni moja iliyokuja kuwauzia mfumo mpya. Akasimama mbele ya mwenyekiti, mzee ninayemwamkia shikamoo, akasema, "Fundi wenu anawawekea vitu vya wizi." Mimi, ambaye nilikuwa nimekataa kufunga kitu kilichokuwa tayari kinafanya kazi! Sikubishana. Nilitoa bahasha: picha za vibandiko vya leseni vya kila kompyuta, risiti, na makubaliano niliyoyapigia mstari. Mzee akavaa miwani akasoma ukurasa mzima. Kazi nikapewa mimi. Lakini neno lile bado linanichoma, sifichi.

Tulichofanya ni hiki. Kompyuta moja mpya, yenye Windows halali iliyokuja nayo, ndiyo inayoendesha mfumo. Visual FoxPro 9 bado inakubali hata kwenye Windows 11. Data inakaa kwenye seva ya Linux, kwa Samba, programu inayoiwezesha Windows kufungua mafaili yaliyo kwenye Linux. Nimezima oplocks, yaani ruhusa ya kompyuta kujiwekea nakala ya muda ya faili, kwa mafaili ya dbf (data), cdx (faharasa) na fpt (maelezo marefu), maana bila hivyo faharasa huharibika. Makarani wengine wanatumia Linux na LibreOffice, wanasoma ripoti kutoka kwenye nakala inayohamishiwa PostgreSQL, hifadhidata huria, kila usiku. Kuna aliyenishauri makarani wote wanne waingie kwa mbali kwenye ile Windows moja kwa wakati mmoja, kwa kile kiprogramu cha kuvunja kizuizi. Nilikataa. Windows ya kawaida inaruhusu mtu mmoja tu kwa wakati mmoja, na kizuizi hicho ni sehemu ya leseni.

Niseme kidogo kuhusu kuhamisha data, kwa sababu hapa ndipo pesa za watu hupotea. Fungua faili la DBF kwa programu inayoonyesha baiti moja moja. Utaona safu ya kila mkulima aliye hai kwenye orodha inaanza na nafasi tupu. Safu nyingine zinaanza na nyota. Hizo zimefutwa, lakini hazijaondoka. FoxPro huziweka alama tu na kuzificha, hadi mtu atoe amri ya PACK, inayozifuta kabisa. Ukihamisha kwa programu isiyojali ile nyota, marehemu na waliojitoa wanarudi kwenye orodha ya malipo. Kule Mbozi niliwaona wamejipanga kabisa, majina na namba za wanachama, wakisubiri kulipwa. Na ukinakili DBF ukasahau faili la FPT lenye jina lile lile, maelezo marefu yote yamekwenda.

Sasa dada yangu wa Njombe, na vijana mnaoanza ufundi huu kama nilivyoanza mimi: someni leseni. Mteja akikuharakisha, soma leseni. Leseni ya Windows iliyokuja na kompyuta hufungwa kwenye kompyuta ile ile. Ikifa, usiibebe kwenye mashine bandia, yaani kompyuta ya kuigizwa na programu, ndani ya Linux ukadhani umeokoa pesa. Mfumo ukiwa wa zamani wa DOS, ule wa kabla ya Windows, Windows ya biti 64 haitaufungua kabisa, na hapo DOSBox au FreeDOS, ambazo ni huria, zitakufaa, ila bado soma leseni ya mfumo wenyewe. Fedha za wanachama zinalindwa na fundi mwenye karatasi mkononi. Tusikubali kuitwa wezi katika mji wetu, na tusifanye kitu kitakachowapa watu sababu ya kutuita hivyo.

Dada, wiki hii piga picha kibandiko cha ile kompyuta, nakili folda nzima ya mfumo kwenye diski mbili tofauti, kisha mtafute aliyeuandika akupe barua ya ruhusa na msimbo wake, yaani maandishi ya programu yenyewe, angali anapatikana. Ukivipata hivyo, niandikie tena, tutapanga nije.