Mimba zabibu: nimeshasafishwa, mbona bado napimwa?

SWALI: Shikamoo dokta. Mimba yangu ilikuwa ya wiki 12 lakini tumbo lilifika kitovuni, nikawa natapika sana na kutokwa damu nyeusinyeusi. Ultrasaundi ilionyesha mimba zabibu, nikasafishwa. Sasa kila wiki natoka Uvinza hadi Kigoma mjini kupima damu. Nauli inaniumiza. Kuna haja?
Mama J., Uvinza

JIBU: Marahaba, mama. Haja ipo. Kwenye mimba zabibu kondo hugeuka vilengelenge kama kichala. Masalia yake huweza kuota tena, hata kuwa saratani na kufika mapafuni. Kinachoyafichua ni homoni ya mimba, hCG. Hupimwa kila wiki hadi iwe ya kawaida mara 3 mfululizo, kisha kila mwezi kwa miezi 6. Ikiganda palepale kwa vipimo 4 ndani ya wiki 3, au ikipanda, huanzishwa dawa kama methotreksati, na wengi hupona kabisa.

Kipimo cha mkojo cha dukani hakitoshi. Hakisemi kiwango, na homoni ikizidi mno huweza kusoma hasi!

Usishike mimba kipindi hiki: hCG itapanda, tusijue ni mtoto au ugonjwa. Vidonge au sindano vinafaa, kitanzi kisubiri.

Kuhusu nauli, uliza kama damu inaweza kutolewa Uvinza sampuli isafirishwe, ila maabara iwe ileile. Ukitokwa damu tena au ukikohoa damu, nenda hospitali siku hiyohiyo.