Breki ya baba yako mdogo

Nansio, Jumapili jioni

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili, na kwa kuwa vidole vyangu na simu hii havipatani, nakujibu kwa karatasi. Binamu yako anavuka kesho kwa meli, atakuletea pamoja na machungwa. Umeuliza: kwenye hayo mashindano yenu ya kujifurahisha ya Jumamosi hapo Mwanza, Capri Point hadi Nyegezi, uazime baiskeli ya gia ya mwenzako wa ofisini, au uende na hiyo yako ya kikapu, maana hujawahi kushindana hata siku moja.

Jibu langu unalijua kabla sijaandika. Nguo ya kuazima haisitiri matako. Nawaambia hivyo tangu mlipokuwa mkiazimana viatu vya shule, na mfano wangu nao mnaujua: ile baiskeli ya Phoenix ya baba yako mdogo, pale Igoma, 1995, mwaka mmoja kabla ya MV Bukoba kuzama. Kila Krismasi naisimulia, mnacheka, yeye anaendelea kula wali wake kimya.

Sasa nilivyosoma swali lako, nimegundua hiyo hadithi sijawahi kuimaliza.

Ilikuwa siku ya michezo, uwanja wa shule unaoteremka kidogo kuelekea barabara ya Musoma. Kulikuwa na kukimbia na magunia, kuvuta kamba, na mbio za baiskeli za polepole kwa akina mama. Anayefika wa mwisho ndiye mshindi. Mguu ukigusa chini umetoka, ukivuka mstari wa chokaa wa pembeni umetoka. Zawadi ilikuwa doti ya kanga. Mimi kuendesha nilikuwa nimejifunza wiki tatu tu, na kaka yako nilimwacha mgongoni kwa shangazi yako, akilia.

Watu hudhani polepole ni rahisi. Baiskeli ikiwa na mwendo inakusaidia: ikiegemea kushoto unageuza usukani kushoto kidogo tu, matairi yanarudi chini yako. Mwendo ukiisha, huko kugeuza kidogo hakutoshi, unabaki unapindisha usukani huku na huku kama mtu anayepepeta mchele. Na hapo palikuwa na mteremko. Bila breki huwezi.

Ile Phoenix ilikuwa inabeba samaki kutoka soko la Mwaloni kila alfajiri. Karia ilinuka sato, magamba yamekaukia kwenye spoku, breki ya mbele haikuwepo kabisa. Ya nyuma ilikuwepo. Hapo ndipo huwa nasema "breki zilikuwa mbovu" na nyinyi mnacheka.

Haikuwa mbovu, mwanangu. Ilikuwa inapiga kelele.

Nilipoibana mara ya kwanza ililia kiiii, kama mbuzi anayevutwa kwenda machinjioni. Uwanja mzima uligeuka. Mtu mmoja akamwigiza huyo mbuzi, watoto wakadakia, na baba yako, Mungu amrehemu, nikamwona ameinama anacheka mpaka kofia imedondoka. Nikaona aibu. Nikaiachia breki ili inyamaze. Ikanyamaza, nikashuka nayo kama maji, nikafika kwenye kamba wa kwanza kabisa, yaani wa mwisho. Mshereheshaji akanipigia makofi kwenye kipaza sauti.

Hapo ndipo ninapoishia siku zote. Kumbe baada ya kundi letu liliingia kundi la pili, na mama mmoja muuza dagaa hakuja na baiskeli. Baba yako mdogo akampa ileile. Nilikuwa bado naipangusa kanga yangu grisi ya cheni nilipoisikia inaanza tena, kiiii, kiiii, kiiii, kutoka juu mpaka kwenye kamba. Watu walimcheka kuliko mimi. Yeye ametoa ulimi nje, macho mbele, anapepeta mchele wake, mbuzi analia. Doti ya kanga akaichukua yeye.

Unaweza kusema, na mimi mwenyewe nimejiambia hivyo miaka mingi, kwamba yule alikuwa na uzoefu, bila shaka alipakia dagaa kwenye baiskeli kila siku, na mimi nilikuwa wa wiki tatu. Ni kweli. Lakini kidole kubana breki hakihitaji uzoefu. Na hata hivyo, nguo ya kuazima... naye pia alikuwa ameazima. Ndiyo maana nilikuwa naruka hapo.

Baba yako mdogo alikuwepo. Aliona vyote viwili. Miaka thelathini naisema vibaya baiskeli yake mbele ya watoto wake, na hajafungua mdomo.

Basi, ya gia au ya kikapu? Ningependa sana kukuambia nenda na yako, mkono unatamani kuliandika na nusu nimeshaliandika. Wala gia sizijui. Nasikia ukipandisha unaweka nyepesi, na hapo Capri Point pana mlima. Ila sisemi. Utaamua. Yoyote utakayoichukua, ijaribu Ijumaa, ibane breki mbele ya watu usikie inavyolia.

Machungwa yako ni yale ya kwenye mfuko mweusi. Ya kwenye kikapu mpelekee baba yako mdogo Kirumba. Akiuliza ni ya nini, usimwambie kitu. Krismasi nitakuja, nitamwambia mwenyewe.

Mama yako