Kukata nywele, kutoa nywele, kubandua nywele

SWALI: Mimi ni fundi picha, nina studio ndogo Mwanza. Kazi inayoniletea wateja siku hizi ni kuondoa kilicho nyuma ya mtu pichani na kuweka kingine: aliyepigwa uani anaonekana yuko ufukweni. Sehemu ngumu ni nywele, na hapo ndipo ninapojisifia. Niliandika bango mlangoni: TUNAKATA NYWELE KWENYE PICHA KWA UHAKIKA. Kinyozi tunayepakana naye kibaraza akaja kuuliza kama nimeingilia biashara yake, na mama mmoja akaleta mtoto akitaka anyolewe kwanza ndipo apigwe picha. Nikafuta, nikaandika TUNATOA NYWELE. Ikawa mbaya zaidi. Sasa ninaandaa maelekezo ya Kiswahili kwa vijana wawili wanaojifunza kazi kwangu. Niandike nini? Na kile cha nyuma nikiite bakgraundi, usuli au mandharinyuma? Mwisho, mteja alinisahihisha niliposema "nywele moja imebaki." Kosa langu ni lipi?

JIBU: Fundi, bango lako la kwanza halikuwa na kosa la sarufi hata moja. Shida yake ni kwamba "kukata nywele" ni maneno yenye mwenyewe. Mswahili akiyasikia anaona kiti, kioo, kitambaa shingoni na mashine inayonguruma. Huwezi kumnyang'anya kinyozi maneno yake kwa kuongeza "kwenye picha" mwishoni, maana msomaji wa bango hafiki mwishoni. Amekwisha kuelewa alichoelewa. Isitoshe, "kukata picha" nako kuna kazi nyingine studioni: ni kupunguza kingo ili picha ienee kwenye fremu. Kijana wako akiambiwa akate, atapunguza.

La pili, "tunatoa nywele," ndilo lenye somo, kwa hiyo nitakaa nalo kidogo. Tazama mchele. Ukimwambia mtu "toa mchele kwenye gunia," unachokitaka ni mchele. Ukimwambia "toa mawe kwenye mchele," unachokitupa ni mawe. Kitenzi ni kilekile, "kwenye" ni ileile, mpangilio ni uleule. Kinachokujulisha kipi kinabaki na kipi kinatupwa hakimo ndani ya sentensi. Ni uzoefu wako wa jikoni. Sasa peleka muundo huo kwenye nywele. Uzoefu wa watu wote unasema nywele ndizo huondoka na kichwa ndicho hubaki. Ulikuwa unaahidi kuzihifadhi hadi ya mwisho, wao wakasoma kwamba utawapa kipara. Vitenzi vingine vya jamii hiyo, kung'oa na kunyonyoa, usivijaribu kabisa. Kunyonyoa ni kwa kuku.

Njia rahisi kuliko zote, hasa kwa bango, ni kutaja kinachoondoka badala ya kinachobaki: "kuondoa mandhari." Kilicho nyuma ya mtu hakina uchungu na mtu yeyote, kikiondolewa hakuna atakayepapasa kichwa. Lakini maelekezo ya vijana yanahitaji kitenzi cha kazi yenyewe, na kwa hicho nina pendekezo: kubandua.

Sababu yangu ni hii. Kompyuta zikiwekwa katika Kiswahili, matini huwa "inanakiliwa" kisha "inabandikwa." Kubandika kumekwisha kuingia kazini kwako, na Kiswahili kina mtambo wake wa kugeuza tendo kama hilo: funga, fungua, ziba, zibua, tandika, tandua, pachika, pachua, bandika, bandua. (Si kila kitenzi chenye -ua ni kinyume cha kingine. Kupasua hakupindui kupasa.) Mtu wako ni kama amebandikwa juu ya ukuta wa uani. Unambandua hapo, unambandika ufukweni. Hakuna istilahi ya kubuni, ni maneno mawili yaliyozaliwa pamoja.

Kuna faida nyingine ambayo kukata na kutoa hazina. Kinachobanduliwa kwa kawaida hubaki kizima. Ukibandua stempu kwenye bahasha, kila mtu anaelewa kwamba stempu ndiyo unayoitaka. Ukibandua tangazo ukutani, tangazo linaondoka, ukuta unabaki. Jihadhari tu na plasta, ambayo ikibanduliwa mkononi huondoka na malaika, ndiyo, vile vinywele laini vya mwilini, ambavyo Kiswahili kwa ukarimu wake kimevipa jina moja na viumbe wa mbinguni. Malaika wako pia pembezoni mwa paji la uso, na nadhani hao ndio wanaokufanya ukeshe.

Ukimtaja mtu, usisahau kiambishi chake: "mbandue bibi harusi kwenye mandhari," si "bandua bibi harusi."

Ila kubandua peke yake hakutoshi kwa nywele, na hapa lugha inafuata ufundi. Bega la koti lina mpaka: upande huu koti, upande ule ukuta. Unaufuata kwa mstari na umemaliza. Unywele hauna mpaka wa namna hiyo. Mara nyingi ni mwembamba kuliko pikseli moja, yaani kimoja cha vile vidoti vinavyoiunda picha, kwa hiyo pikseli inayoubeba imechanganya rangi ya unywele na rangi ya ukuta ulio nyuma yake. Hakuna mkasi unaoweza kupita hapo, kwa sababu huo mchanganyiko umo ndani ya pikseli yenyewe. Kazi inayobaki ni ya kutenganisha, chembe kwa chembe, na kwa kazi hiyo tunacho kitenzi kizee: kuchambua. Wakulima wa pamba wanakitumia. Unguja na Pemba, karafuu zikishachumwa huchambuliwa, vikonyo kando na karafuu kando, na anayechambua vibaya hujulikana kwenye mizani. Kwa hiyo kwenye maelekezo yako ningeandika hivi: "Mbandue mtu kwanza, kisha chambua nywele." Kijana ataelewa hapohapo kwamba hatua ya kwanza ni ya mkono wa haraka na ya pili ni ya subira.

Umeniuliza maneno, lakini siwezi kutenganisha maneno na vifaa vyake, kwa hiyo vumilia. Ile karatasi inayowekwa juu ya nyingine katika programu za kuhariri picha kama Photoshop au GIMP iite tabaka. Ni neno linaloeleweka na halina mpinzani. Kile kinachofunika sehemu ya tabaka bila kuifuta kiite barakoa. Wengine hupendelea kinyago. Mimi sikubali. Kinyago huchongwa, kina sura yake, na huleta mtu mwingine mbele ya macho. Barakoa ni kitambaa cha kufunika uso wa mtu ambaye bado yupo, na ndivyo kifaa chako kinavyofanya kazi: penye weusi kinaficha, penye weupe kinaonyesha, na ulichoficha leo unaweza kukifunua kesho. Tangu janga la korona la mwaka 2020 hakuna asiyeijua barakoa.

Katikati ya weusi na weupe iko rangi ya kijivu, yaani rangi ya jivu, na nywele zote za pembeni huishi humo. Kijivu kwenye barakoa maana yake ni nusu kuonekana, kama shela jepesi juu ya uso. Wanaojua kazi hawazichori nywele moja moja kwa brashi. Huzitazama chaneli tatu za rangi, nyekundu, kijani na buluu, huchagua ile ambayo nywele na kilicho nyuma vimeachana zaidi kwa mwanga, huinakili, huikoza weusi na weupe wake mpaka kichwa kinabaki kivuli, na kivuli hicho, weusi wake ukishapinduliwa kuwa weupe, ndicho kinafanywa barakoa. Nywele nyeusi mbele ya mbingu nyeupe hujichambua karibu zenyewe. Mvi mbele ya ukuta uliopakwa chokaa ni mateso. Babu akija na mvi, tundika kitambaa cha buluu kabla ya kupiga picha, utaokoa saa nzima. Aliyesuka twende kilioni hakupi kazi yoyote, mpaka wa nywele ni mpaka wa fuvu. Mwenye kipilipili aliyeziacha ziwe afro anataka ukingo laini wenye chembechembe. Ukimwekea mstari mkali anaonekana amevaa kofia. Wa singa, upepo ukiwa umempata, ni huyo wa kuchambua hadi jioni.

Halafu kuna ule mstari wa rangi ya zamani unaong'ang'ania pembeni mwa nywele baada ya kumhamisha mtu, kijani cha majani kichwani mwa mtu aliyeko baharini. Sijaona jina lake la Kiswahili lililozoeleka. Mimi ningeuita ukoko. Umebandua wali, umepakua, na kuna kitu kimebaki kimegandia. Wa kwenu wakisema utandu, sawa, ni sufuria ileile. Vijana wakiambiwa "ondoa ukoko kwenye nywele za mama huyu" watacheka, na hawatasahau.

Sasa bakgraundi. Sina ugomvi nayo studioni, kila mteja wako anaisema. Lakini kwenye maandishi tuchague, na tusichague usuli. Neno hilo lina asili ya Kiarabu, katika ukoo wa maneno ya mizizi na chimbuko. Ndiyo sababu mwanafunzi wa chuo kikuu huandika "usuli wa tatizo" mwanzoni mwa utafiti wake. Usuli wa mtu ni alikotoka. Ukimwambia bibi kwamba utamwondolea usuli kwa shilingi chache, ana haki ya kukasirika. Neno moja la Kiingereza hapa linafanya kazi ambazo Kiswahili kimezigawa: utafiti una usuli, programu ya simu hufanya kazi chinichini, na picha ina mandhari.

Mandhari nalo ni la Kiarabu, limetoka kwenye mzizi wa kutazama uliotuzalia pia nadhari na nadharia. Kwa asili ni kile ambacho jicho hukiona likitupwa mbele: milima, bahari, mji. Kwa hiyo liko mahali pake panapozungumzwa picha. Tatizo ni kwamba simu nyingi zimelichukua kwa ile picha ya kupamba kioo, na wahakiki wa fasihi wanalitumia kwa mahali na wakati wa hadithi. Mandharinyuma lilizaliwa kuondoa mkanganyiko huo, nami ninalikubali kwenye menyu na kitabu cha maelekezo, ambako neno moja lisilogawanyika lina thamani. Mdomoni ni zito. Kwa mteja sema "mandhari ya nyuma" au "kilicho nyuma," na kama unatundika kitambaa nyuma yake, hicho ni pazia. Wapiga picha wa pale kivukoni Likoni, Mombasa, walikuwa na mapazia yao yaliyochorwa kwa rangi miaka ya 1990, na mteja alisafiri mbali bila kupanda chombo chochote. Wewe unafanya biashara yao, umebadilisha brashi tu.

Tahadhari ndogo ya upatanisho: mandhari inapendeza, si mandhari yanapendeza. Ile ma- ya mwanzo ni sehemu ya neno lilivyotoka Uarabuni, haina uhusiano na ma- ya mayai na mawe. Utasikia "mandhari haya" hata redioni. Wewe andika "mandhari hii," na mandharinyuma hali kadhalika.

Limebaki la yule mteja, na alikuwa sahihi. Nywele ni wingi. Umoja wake ni unywele: unywele mmoja umebaki, nywele mbili zimebaki, kama ukuta na kuta, ufunguo na funguo. Kwa kuwa nywele huonekana kwa maelfu, umoja wake umesahaulika na watu wanasema "nywele yangu nzuri" kana kwamba wanao mmoja tu. Wahenga hawakukosea hapo. Wanaposema "mwenzako akinyolewa, zako tia maji," neno nywele halikutajwa popote, ile z- ya "zako" ndiyo inayokwambia kinachotiwa maji. Na kwa kazi yako umoja huo ni wa lazima, maana pengine hakuna mahali pengine mjini ambapo mtu mzima hutumia robo saa kuhangaikia unywele mmoja.

Kwa bango, ningeandika: TUNABADILISHA MANDHARI YA NYUMA YA PICHA YAKO. NYWELE ZAKO HAZIPUNGUI. Mstari wa pili uandike kwa herufi kubwa kuliko wa kwanza, na kabla hujaupandisha mpe jirani yako kinyozi ausome.