Mume wangu anasema nawaza kuliuza gari kabla hatujalinunua

Shikamoo Shangazi. Mimi na mume wangu tumeweka akiba kwa miaka minne ili tununue gari letu la kwanza. Yeye amepata gari kubwa la kifahari lenye umri wa miaka kumi, lenye viti vya ngozi, linalojiinua na kujishusha lenyewe kwa hewa, na bei yake imeshuka hadi chini ya robo ya ilivyokuwa likiwa jipya. Mimi nimeona gari dogo la kawaida la miaka mitano, la aina iliyojaa barabarani, kwa bei karibu ileile. Nilipomwambia kwamba hilo langu tutaweza kuliuza tena bila kuhangaika, alicheka akasema ninafanana na mwanamke anayepokea posa huku ameshaiandika talaka. Kwake yeye gari ni la kuendesha, si la kuuza. Tutakalolichagua litamaliza karibu akiba yote. Wiki ya tatu hii hatulitaji gari kabisa. Nani kati yetu yuko sahihi?

*Mwenye akiba ya pamoja*

Marahaba, mwanangu. Nakiri kwamba utani wa mume wako ulinichekesha, na pengine ndiyo sababu umekuuma, kwa kuwa utani usio na chembe ya ukweli hauwezi kunyamazisha nyumba kwa wiki tatu. Kwa hiyo niruhusu nianze na chembe hiyo, ingawa najua ulitarajia nianze na hoja yako.

Thamani ya kuliuza gari tena ni fedha ambayo huishiki mpaka siku unayoliuza. Ikiwa kweli mnakusudia kukaa na gari hilo mpaka lichoke, tofauti kati ya aina inayouzika na isiyouzika hupungua mwaka hadi mwaka, kwa sababu gari lililochakaa kabisa hununuliwa kwa bei ya chuma chake na vipuri vichache vilivyobaki, liwe lilikuwa la kifahari au la kawaida. Zaidi ya hayo, sifa ya kuuzika haitolewi bure. Mwenye kukuuzia gari dogo la kawaida anaijua sifa hiyo vizuri kuliko wewe, naye ameshaiweka ndani ya bei, ndiyo maana la miaka mitano linagharimu sawa na kubwa la miaka kumi. Tena gari jipya hupoteza sehemu kubwa ya thamani yake katika miaka ya mwanzo, mara nyingi karibu moja ya tano katika mwaka wa kwanza peke yake, kisha mteremko hupungua ukali. Gari analolitaka mumeo limekwisha kuteremka sehemu kubwa ya mlima huo kwa gharama ya watu wengine, ilhali lako bado lina mteremko mbele yake. Katika hili hakukosea.

Alipokosea ni kudhani kwamba bei iliposhuka, kila kitu kilichomo ndani ya gari nacho kimeshuka. Bei ya gari huzeeka, bei ya vipuri vyake haizeeki. Giaboksi ya gari hilo iliundwa kwa ajili ya mtu aliyelipa zaidi ya mara nne ya hicho mtakacholipa ninyi, na siku itakapokataa kuingiza gia, muuza vipuri hatakuuliza ulilinunua kwa kiasi gani. Soko halikulishusha bei gari hilo kwa kusahau uzuri wake. Lilishusha kwa sababu wanunuzi wengi waliokwisha kuishi na magari ya namna hiyo wanajua bili inayokuja, wakakata bili hiyo kwenye bei mapema. Kwa maneno mengine, punguzo alilofurahia mumeo ni gharama ya matengenezo ambayo bado haijafika.

Chukua huo mfumo wa hewa peke yake. Badala ya springi za chuma, kila gurudumu lina mfuko wa mpira, na mifuko yote hujazwa hewa na kompresa moja ndogo, yaani pampu, iliyofichwa chini ya bodi. Mpira ukizeeka hufanya nyufa pale unapokunjika, hewa huvuja polepole usiku, na asubuhi gari hukutwa limelala kwa pembe moja. Ukiliwasha litanyanyuka, nawe utajiambia kwamba hakuna tatizo kubwa. Wakati huo kompresa, iliyoundwa kufanya kazi kwa muda mfupi tu, inajaza kila siku mfuko usiojaa, mpaka nayo inaungua, na kilichokuwa kipuri kimoja kinakuwa viwili. Springi ya chuma ya gari lako dogo nayo huweza kukatika, lakini fundi yeyote wa mtaani ataibadilisha bila kufungua kompyuta.

Sasa tufanye hesabu kidogo, kwa namba za mfano tu. Tuseme kila gari linagharimu mafungu 100, na baada ya miaka mitano la mumeo linauzwa kwa mafungu 40 na lako kwa 55. Tofauti ni mafungu 15, yaani matatu kwa mwaka, kiasi ambacho hakistahili kuvuruga maongezi ya watu wanaolala chumba kimoja. Lakini giaboksi ya gari kubwa ikigharimu mafungu 25 na mfumo wa hewa mafungu 15, matengenezo hayo mawili yamekwisha kuizidi mara mbili na nusu tofauti yote mliyokuwa mkibishania. Unaona ninakoelekea, mwanangu: umechagua gari sahihi kwa sababu dhaifu. Ulisimama kwenye bei ya kuuzia, mahali ambapo mumeo angeweza kukushinda, ukaliacha suala la vipuri, ambako hana jibu.

Hata hivyo sisemi kwamba bei ya kuuzia haina maana. Ina maana siku ya dharura, pale mtakapohitaji fedha ndani ya wiki moja na si ndani ya miezi mitano. Na hapo ndipo mambo haya mawili yanapogeuka kuwa jambo moja, kwa kuwa gari lenye thamani sokoni ni lile linalotembea. Likiwa limelala gereji kwa ubovu wa giaboksi, mnunuzi atakata gharama ya giaboksi, kisha atakata tena kwa ajili ya hofu yake ya mambo asiyoyaona, na hofu hiyo ni ghali zaidi katika gari tata kuliko katika gari ambalo kila fundi amelifungua.

Niliwahi kumiliki gari la namna hiyo. Lilianza na rejeta, nikalipa. Likafuata gasketi ya silinda hedi, nikalipa kwa sababu nilikwisha kulipia rejeta. Ikaja kompresa ya kiyoyozi, nikalipa kwa sababu ya zile mbili. Kila mara nilijiambia kwamba nimetia fedha nyingi mno kuliacha sasa. Swali nililopaswa kuuliza lilikuwa moja tu, nalo halikuhusu fedha iliyokwisha kutoka: je, nikilipa bili hii ya leo, gari litakalobaki mikononi mwangu litakuwa na thamani gani, na litanichukua muda gani kabla ya bili inayofuata?

Jambo linalonitia wasiwasi zaidi kuliko magari yote mawili umeliandika kwa kupita tu, kwamba ununuzi utamaliza karibu akiba yote. Hilo lisitendeke, hata kwa gari lako. Mimi ningebakiza walau moja ya tano ya fedha bila kuigusa, na kama gari haliwezi kupatikana kwa zilizobaki, basi gari hilo si la bei yenu. Gari lililotumika huwa na madeni madogo ya matengenezo ambayo muuzaji ameyaacha kwa makusudi: tairi, breki pedi, betri, oili ya gia, na hasa mkanda wa taimingi, unaolinganisha mwendo wa valvu na pistoni ndani ya injini, ikiwa injini hutumia mkanda na si cheni. Watengenezaji wengi huagiza ubadilishwe karibu na kilomita 100,000, wengine mapema zaidi, na katika injini nyingi ukikatika safarini pistoni hugonga valvu na kuzipinda. Msipopata uthibitisho wa maandishi kwamba umebadilishwa, hesabuni kwamba haujabadilishwa.

Wala usidhani kwamba gari la kawaida ni salama kwa kuwa ni la kawaida. Likiwa linapendwa na wengi, wapo pia wanaopenda kuirudisha nyuma mita yake ya kilomita. Tazama mpira wa pedali ya breki na ngozi ya usukani. Kilomita chache na pedali iliyolika hadi kung'aa havikai pamoja. Tairi nazo husema: tarakimu nne za mwisho za msimbo wa DOT ulioandikwa ubavuni ni wiki na mwaka wa kutengenezwa, kwa hiyo 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Ukikuta tairi zote si za zamani kama gari, ilhali mita inadai gari halijatembea, uliza zile za kwanza ziliishaje. Na fundi atakayelikagua awe wenu, si rafiki wa muuzaji.

Kuhusu ukimya wa wiki tatu, usiuvunje kwa kumpelekea hesabu yangu, maana itaonekana umeita jeshi kutoka nje. Mwombe yeye mwenyewe atafute bei za vipuri vitatu kwa kila gari, vipya na vilivyotumika: giaboksi, kinachobeba gari juu ya gurudumu la mbele, na taa moja ya mbele. Taa nimeiweka kwa makusudi, kwa kuwa hugongwa na kuibwa, na bei yake katika gari la kifahari humshangaza kila anayeisikia mara ya kwanza. Kisha amuulize fundi amekwisha kufungua magari mangapi ya aina ile, ili msije mkamlipia mtu masomo. Akikukumbusha tena habari ya posa na talaka, mjibu kwa upole kwamba hata posa haipokelewi kabla ya kuulizia ukoo.

Na mkikubaliana kwenda kulitazama hilo la viti vya ngozi, msimwambie mwenyewe saa mtakayofika. Nendeni asubuhi na mapema, kabla hajaliwasha, mlikute jinsi lilivyolala.