Daftari la madeni: jinsi nilivyoacha lutuku mjini Lubumbashi

Kabla sijaingia katika kikundi cha Alcooliques Anonymes, ushirika wa walevi wanaosaidiana kuacha pombe kwa kufuata hatua maalumu, nilikuwa nimeacha pombe mara tatu, na zote tatu kwa kiapo. Mara mbili niliapa katika chumba cha maombi, mbele ya mchungaji na wakwe zangu, na mara moja niliapa kitandani, peke yangu, homa imenishika. Kiapo kilichodumu kuliko vyote kilifika siku arobaini na moja. Siwalaumu walioniombea, kwa maana kuomba waliomba kweli; ila hakuna aliyeniambia nifanye nini siku ya arobaini na mbili, nitokapo kazini na kupita kwenye ule ua wa Katuba ambamo lutuku, pombe kali inayokenekwa kwa mahindi na mihogo, huuzwa kwa kikombe tangu asubuhi.

Nitangulize jambo moja ambalo si la hatua wala la vikundi. Mtu aliyekunywa sana kila siku kwa miaka mingi asikate pombe ghafla akiwa amejifungia nyumbani. Mwili uliozoea pombe, ukinyimwa, huweza kutetemeka, kuona visivyokuwepo, hata kupatwa na degedege linaloua. Apite kwanza kwa daktari, amweleze kiasi anachokunywa bila kupunguza hata chupa moja.

Ushirika wa Alcooliques Anonymes ulianzia Marekani, katika mji wa Akron, mwaka 1935. Bill Wilson, mtu wa soko la hisa ambaye biashara yake ilikuwa imeharibika, alijikuta hotelini karibu na baa, akaona kwamba asipompata mlevi mwenzake wa kuzungumza naye atakunywa. Alipiga simu huku na huku hadi akakutanishwa na daktari mmoja, Bob Smith. Wengi husimulia habari hiyo kana kwamba Wilson alikwenda kumwokoa daktari. Mimi naisikia kwa namna nyingine: alikwenda ili yeye mwenyewe asinywe. Ndiyo maana mlevi anayetoa ushuhuda kikundini hamfanyii mgeni hisani. Hakuna ada, sharti ni moja tu, nia ya kuacha kunywa, na watu wawili au watatu wanaokutana kwa nia hiyo wanaweza kujiita kikundi. Kwa hiyo usiniambie kwamba mtaani kwenu hakuna.

Hatua zenyewe ni kumi na mbili, nami sitazieleza zote. Ya kwanza, kukiri kwamba pombe imenishinda, niliifanya haraka, maana kila mtu nyumbani alikwisha kukiri kwa niaba yangu. Kuhusu Mungu, hatua husema Mungu kadiri kila mmoja anavyomfahamu, kwa hiyo Mkatoliki, Mwislamu na aliyekosana na makanisa yote wanakaa benchi moja. Kazi yangu ilianzia hatua ya nne, ambayo mtu huandika hesabu ya maisha yake bila kujificha, kisha katika ya tano huisoma mbele ya mtu mwingine. Nilinunua daftari la shule, nikajaza kurasa sita. Mdhamini wangu, muzee aliyeacha pombe zamani na ambaye nafasi yake kwangu ni kama ya msimamizi wa ubatizo, alipitisha kidole ukurasa kwa ukurasa, mahali nilipoandika makosa ya mke, ya mkubwa wa kazi na ya shemeji, kisha akauliza: “Mwanangu, na wewe uko wapi humu?”

Nilianza upya. Humo ndimo yalimotokea manjanja ya dada yangu mkubwa: mabati kumi na mawili aliyoyaweka nyuma ya nyumba yangu akingoja kuezeka jiko lake kabla ya mvua. Niliyauza moja moja, nikayanywa, na alipokuja kuyachukua nikasema yameibwa. Akamshuku mtoto wa jirani, nami nikanyamaza.

Hatua ya tisa hudai kufidia uliowadhuru, isipokuwa pale ambapo kufanya hivyo kutawaumiza wao au wengine. Nililishika hilo “isipokuwa” kwa mikono miwili, nikasema kwamba kufukua habari ile kungemuumiza mtoto. Muzee alijibu kwamba kifungu hicho kiliwekwa kuwalinda wao, hakikuwekwa kunilinda mimi. Nakushauri usikiamue peke yako. Mlevi ni wakili hodari wa nafsi yake.

Kwa dada nilisema, “Yaya, mwizi wa manjanja ni mimi,” nikampa fedha za mabati mawili. Alizihesabu, akasema anangojea kumi. Leo yamebaki manne. Lakini deni la mabati lina hesabu, na lile jingine halina. Mtoto yule sasa ni kijana, anafanya kazi mbali. Nilimwomba radhi kwa simu, kisha nikaenda kwao. Mama yake alinisikiliza mlangoni bila kunipa kiti, akasema, “Nimesikia,” akarudi kwenye makaa yake. Nilikuwa nimetegemea zaidi ya hapo. Nilimpigia muzee nikiwa bado njiani, nikipita kwenye ua ule ule wa lutuku, tukaongea hadi nilipofika nyumbani.