Mwanangu, Mara ya Kwanza ni Yake

Mwanangu mpendwa,

Nimeisoma barua yako, hasa lile swali uliloliweka mwishoni kana kwamba ni dogo: "Mama, nianze lini kumwonyesha binti yangu vitu tunavyovipenda, na nifanye nini asipovipenda?" Umenieleza kwamba orodha ya filamu umeshaipanga, gemu za zamani umezitoa kabatini, na kwamba yeye ana miaka 4 na mdogo wake mwaka 1 na nusu. Naijua hamu hiyo. Nilikuwa nayo ungali tumboni, nikisubiri siku nitakayokusimulia habari za roboti, mazimwi na vyombo vinavyosafiri kati ya nyota.

Usiharakishe. Mara ya kwanza ni moja tu, nayo ni ya mtoto, si yako.

Chukua filamu za Star Wars, maana bila shaka ndiyo iko juu ya orodha yako. Siri ya yule mwenye kinyago cheusi ilifichuliwa mwaka 1980, katika filamu ya pili kutoka, mbele ya watu waliokuwa wamemwogopa tangu 1977. Kuipokea siri ile kunataka mtoto anayeweza kuelewa mtu kugundua kwamba adui yake ni baba yake, na kulala na swali hilo kichwani. Mtoto wa miaka 4 ataona watu wawili wanapigana kwa panga za mwanga, mmoja anapumua kwa sauti ya kutisha, basi. Siri itampita, na akifika miaka 9 hutaweza kumrudishia. Hata mpangilio una uzito wake. Ukifuata namba za sehemu utaanza na filamu zilizotoka kati ya 1999 na 2005, maana ndizo zilizopewa namba 1 hadi 3, na hizo zinaonyesha wazi yule mtu alitoka wapi. Akifika kwenye ile ya 1980 atakuwa anajua kila kitu. Anza na ya 1977, lakini subiri. Mimi ningesubiri mpaka maswali yake yatoke kwenye "huyu ni mwema au mbaya?" yafike kwenye "kwa nini alifanya vile?"

Tena kuna suala la hofu, ambalo watu wa aina yetu hulipuuza kwa kuwa tumezoea majitu na mashetani. Watoto wadogo, hadi kama miaka 7 hivi, huogopa zaidi sura ya kitu kuliko kile kinachotendwa. Kiumbe mwenye roho safi lakini meno marefu atamtisha kuliko tajiri mtanashati anayepanga kuangamiza mji. Kwa hiyo usipime filamu kwa kuuliza kama ina mauaji. Pima nyuso, giza na muziki. Akishaogopa, kumwambia "si kweli, ni watu wamevaa nguo tu" hakumsaidii sana katika umri huo. Mpakate, zima, washa taa. Usimshawishi avumilie mpaka ifike sehemu nzuri.

Muda nao ni mdogo kuliko unavyodhani. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unasema mtoto wa mwaka 1 asiwekwe mbele ya skrini, na wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa 1 kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi. Filamu moja ya saa 2 ni kipimo cha siku mbili cha binti yako, na mdogo wake haruhusiwi hata dakika moja. Mimi sioni hasara hapo. Mambo yetu mengi yaliyo matamu hayahitaji skrini hata kidogo.

Wewe hukumbuki, lakini hadithi ulizozipenda zaidi ulizijua kwa mdomo wangu kabla hujaona picha yoyote. Nilikuwa nachukua kiini tu: mtu mdogo aliyepewa kazi kubwa, chombo kilichopotea njia, roboti anayetaka kujua kulia kukoje. Majina nilibadilisha, vita nilivifupisha, nikakuachia nafasi ya kuingilia. Na uliingilia! Nikisema joka ni jekundu leo, kesho nikasema jeusi, ulikuwa unanisimamisha.

Ndiyo maana naipenda sana habari ya jinsi The Hobbit ilivyozaliwa. J.R.R. Tolkien aliwasimulia wanawe kabla kitabu hakijachapwa mwaka 1937, na Christopher, mtoto wake mdogo wa kiume, alimkatiza akilalamika kwamba mara iliyopita mlango wa Bilbo, shujaa wa hadithi, ulikuwa wa buluu na sasa umekuwa wa kijani. Baba alikwenda kuandika. Baadaye mswada ulipofika kwa mchapishaji Stanley Unwin, yeye naye alimpa mwanawe Rayner, mwenye miaka 10, ausome na kuandika maoni kwa malipo ya shilingi moja ya Kiingereza. Rayner aliandika kwamba utawafaa watoto wa miaka 5 hadi 9. Wazazi wote wawili walimchukua mtoto kama mtu ambaye neno lake lina uzito. Binti yako akikusahihisha rangi ya joka, kubali papo hapo, muulize na mabawa yalikuwaje. Hapo ndipo ushabiki unapoanzia, kwenye kujali jambo dogo mpaka usikubali likosewe.

Michezo ya mezani unaweza kuianza sasa. Gary Gygax alipokuwa akiitengeneza Dungeons & Dragons, mchezo wa kusimulia hadithi kwa kurusha dadu uliochapishwa mwaka 1974, miongoni mwa wachezaji wake wa kwanza kabisa walikuwa watoto wake mwenyewe, Ernie na Elise. Kwa mtoto wa miaka 4 weka pembeni vitabu vyote vya kanuni. Chukua dadu moja ya pande 20, ile kubwa, na kanuni moja: wewe unaeleza walipo, yeye anasema anafanya nini, kisha anarusha. Ikitoka namba kubwa, jambo linakwenda kama alivyotaka. Ikitoka ndogo, usiseme "umeshindwa". Sema kilichotokea: mlango haukufunguka, lakini kuna mtu ndani ameuliza nani anagonga. Mtoto wa umri huo anaumia sana akishindwa, ila hachoki kamwe na jambo jipya linalotokea. Vilevile, mtakapofika kwenye michezo ya ubao, anza na ile ambayo wachezaji wote wanashinda pamoja au kushindwa pamoja. Ya kushindana itakuja, na ikija usimwachie ashinde kila mara, kwa sababu ataligundua hilo na hatakuamini tena.

Na mpe ruhusa ya kuiharibu hadithi yako. Wewe ulikataa katakata kumpiga zimwi nililokuandalia. Ulitaka kujua lilikula nini asubuhi na kama lina mama. Nilikuwa nimechora ramani nzima ya pango, vyumba na mitego, na jioni ile yote tulikaa mlangoni tukizungumza na zimwi. Mpaka leo naiona ndiyo jioni bora zaidi niliyowahi kuongoza mchezo, na nimecheza na watu wazima wengi wenye kujua kanuni kwa moyo.

Kuhusu gemu za video, soma alama za umri, ila uzisome vizuri. Ule mfumo wa Ulaya wa PEGI wenye namba 3, 7, 12, 16 na 18 haupimi ugumu. Gemu yenye alama ya 3 inaweza kumliza hata mtu mzima. Kwa hiyo icheze kwanza peke yako, uone kama kuna saa inayokimbia au adui anayerudisha mtu mwanzo. Wengi humpa mtoto pedi ya kuchezea gemu isiyounganishwa ili adhani anacheza. Usifanye hivyo. Kama mikono yake haijawa tayari, mpe kazi ya kweli: awe msoma ramani, akuambie mgeukie wapi, na umtii hata akikupeleka mtoni.

Matofali ya Lego niliyokuhifadhia nitakupa yote. Muundo wake ulisajiliwa Denmark mwaka 1958, na tofali la wakati ule bado linashikana na la leo, kwa hiyo yako yataingiana na yoyote utakayonunua. Lakini kwa sasa, kwa ajili ya mdogo, tumia Duplo, matofali makubwa ya Lego hiyohiyo. Kila upande wake ni mara mbili ya tofali la kawaida na halimezeki. Uzuri ni kwamba matofali madogo yanaweza kukaa juu ya makubwa, hivyo baadaye, mdogo akishapita miaka 3, watajenga ngome moja wote wawili. Kabla ya hapo vitu vidogo vibaki mezani kwa dada, mlango umefungwa.

Hapa nitakuwa mkali kidogo. Pita kwenye rafu yako ya sanamu na vifaa, kagua kimoja kimoja. Panga zinazowaka, roboti zinazosema, vingi vya namna hiyo huwa na betri ndogo za duara. Betri ya namna hiyo ikimezwa na kukwama kooni inaweza kuunguza nyama ndani ya saa 2. Sumaku ndogo zenye nguvu nazo, zikimezwa mbili, huvutana zikiwa tumboni na kutoboa utumbo. Kila kisicho na kifuniko cha skrubu kipandishe juu kabisa au kitoe nyumbani. Akimeza kimojawapo, au ukishuku tu, ni hospitali saa hiyohiyo.

Vilivyobaki gawa kwa usawa wa macho. Vile ambavyo ungeumia vikivunjika viweke juu. Rafu ya chini iwe ya kushikwa, kuangushwa na kutafunwa. Si haki kumwekea mtoto kitu kizuri mbele ya uso wake kisha kumgombeza kila anaponyoosha mkono. Na sanamu iliyofungwa kwenye sanduku lake tangu inunuliwe, sijui inamfundisha mtoto nini zaidi ya kwamba vitu tunavyovipenda havichezewi.

Sasa sehemu inayokutia wasiwasi: asipovipenda. Chema chajiuza, kwa hiyo acha vitabu vya katuni vikae anapoweza kuvifikia, wewe mwenyewe soma mbele yake ukicheka kwa sauti, na unyamaze. Usimfanyie mtihani wa majina ya mashujaa. Usimwambie mgeni "huyu ni shabiki kama mimi" kabla hajasema mwenyewe. Huenda akapenda farasi, au malori ya taka, au kucheza ngoma. Akipenda malori, basi jua aina zote za malori. Wewe ulipenda mashine za kuchimba, na mimi, niliyekuwa nakusubiri kwenye sayari za mbali, nilijifunza tofauti ya kila kijiko na kila mkono wa mashine zile, na ulikuwa unanifundisha kwa uvumilivu mkubwa. Satoshi Tajiri alikuwa mtoto wa kukusanya wadudu. Kutokana na mapenzi hayo akatengeneza Pokémon, gemu ya kukamata na kukusanya viumbe, iliyotoka Japani mwaka 1996 ikiwa na viumbe 151. Kwa hiyo binti yako akikuletea konokono kumi na kuwapa majina, kaa chini, uliza kila mmoja ana uwezo gani. Anafanya kazi ileile tunayoifanya sisi, ila kwa konokono.

Jambo moja zaidi kwa kuwa ni binti. Siku moja mtu atamwambia haya ni mambo ya wavulana, na huenda akawa mtoto mwenzake wa miaka 5. Awe ameshawaona wanawake kwenye hadithi hizi mapema, ili neno hilo limfikie likiwa limechelewa. Mae Jemison akiwa mtoto alimwona mwigizaji mweusi Nichelle Nichols kwenye Star Trek, mfululizo wa televisheni wa safari za angani, na mwaka 1992 akawa mwanamke wa kwanza mweusi kufika angani. Mwaka uliofuata akaigiza katika kipindi kimoja cha Star Trek: The Next Generation, mfululizo uliokuja baada ya ule. Msimulie, yuko kwenye umri wa kuelewa kwamba mtu alitazama nyota kisha akaenda.

Lile sanduku la vitabu vya katuni uliloniomba, nimeanza kulichambua. Vya wanyama na vya vichekesho nitakuja navyo, vya giza na damu vitabaki kwangu mpaka utakapovidai tena. Dadu ya pande 20 nitaileta mwenyewe mkononi, na tutacheza mdogo akiwa amelala. Niandikie upesi uniambie binti yako siku hizi amekazania kitu gani, nikisome kabla sijaja.

Mama yako